Neno likipatikana, lisiwe la wakulima peke yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mwandishi wa safu ya lugha, ambaye Jumapili iliyopita alituandikia kuhusu maneno adimu ya kuwaita watu wanaong'ang'ania jambo hata baada ya kuonyeshwa wazi kwamba si kweli. Makala niliipenda. Nimeikata kwa mkasi nikaibandika dukani, chini ya bei za mbolea, na wateja wanaisoma wakingoja chenji. Kwa hiyo asije akadhani nina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na mfano wake. Katuzungusha vizuri kabisa kwa mapadri na wafalme wa Ulaya, lakini alipotafuta mtu wa namna hiyo hapa nchini hakuhangaika, akamchukua mkulima wa viazi wa Mbeya. Eti sisi huku milimani ni watu wa kuambiwa tusisikie, tukionyeshwa tusione.

Nimekuwa bibi shamba tangu nikiwa msichana wa kupanda pikipiki na sketi, hadi nikastaafu. Sasa nina duka la pembejeo hapa Uyole, karibu na njia panda ya kwenda Tukuyu. Wakulima anaowasema ndio wanaonilisha. Ubishi wao naujua kuliko yeye, na angeniuliza ningempa mifano mizuri kuliko aliyoiandika. Ila ningempa na ya watu wengine.

Nianze na neno lenyewe, mumpsimus, ambalo alilieleza kana kwamba ni mali ya Waingereza. Waingereza wamelipokea tu. Limetoka kanisani, katika sala ya Kilatini ambayo padri huisema baada ya komunyo: quod ore sumpsimus, yaani kile tulichokipokea kwa kinywa. Kisa chake alikisimulia Erasmus, mwanazuoni wa Kiholanzi, katika barua ya mwaka 1516. Palikuwa na padri mmoja ambaye Kilatini kilimpiga chenga, akawa anasema mumpsimus, neno lisilo na maana yoyote. Akasahihishwa. Akajibu kwamba amelisema hivyo miaka mingi na hawezi kuiacha mumpsimus yake ya zamani kwa ajili ya sumpsimus yao mpya. Jina likamganda, na baadaye likawaganda wote wa aina yake.

Padri huyo mimi simcheki sana. Baba yangu alikuwa katekista, na misa za utoto wangu zilikuwa za Kilatini, kabla mabadiliko ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano hayajatufikia tukaanza kusali kwa lugha tunayoielewa. Tantum ergo, ule wimbo wa kuabudu Ekaristi, tuliimba kwa sauti ya kupasua bati na hakuna aliyejua anaimba nini. Bibi mmoja jirani yetu alikuwa na Tantum ergo yake mwenyewe, yenye maneno ya Kisafwa katikati, na hakuna padri aliyethubutu kumgusa.

Halafu mwandishi wenu aliiacha sehemu tamu kuliko zote. Desemba 1545 Mfalme Henry wa Nane alisimama mbele ya Bunge la Uingereza akalalamika jinsi watu wake walivyogawanyika kwa mambo ya dini: wengine wamekakamaa na mumpsimus yao ya zamani, wengine wana kiherehere na sumpsimus yao mpya. Mfalme aliwasema wote wawili, aliyelikumbatia kosa na anayekimbia huku na huko na sahihisho mkononi. Mwandishi kachukua nusu ya kwanza. Ya pili kaiacha, pengine kwa kuwa hiyo inawahusu zaidi watu wa magazeti, na sisi tuliovaa kofia za utaalamu.

Alimalizia kwa kusema Kiswahili hakina neno la mtu huyo. Hapo ninakubaliana naye, lakini alipita haraka mno. Maneno ya jirani tunayo tele, na inafaa kuona kwa nini hakuna hata moja linalokaa sawasawa.

Mbishi anapenda ubishi wenyewe. Ukihamia upande wake atahamia wako ili mabishano yasife. Mkaidi anakataa amri, na mara nyingi anajua fika kwamba anayemwamrisha yuko sahihi. Mjuaji hujidai kujua asichokijua, lakini mpe ushahidi mbele za watu, ananywea. King'ang'anizi yuko karibu zaidi, ila yeye hang'ang'anii fikra tu, anang'ang'ania chochote: deni, mchumba, kiti cha uenyekiti wa kijiji. Kichwa ngumu tunamwita hata mtoto asiyeshika hesabu. Kasumba nayo, ambayo asili yake ni afyuni, ni mawazo uliyopandikizwa na mwingine hadi yakakulevya, ndiyo maana tumezoea kusema kasumba ya kikoloni. Ninayemsema mimi hakupandikizwa na mtu. Fikra yake kaitunga mwenyewe, kaitunza mwenyewe, na anaipenda. Methali zetu ndizo kabisa hazimfai. Sikio la kufa halisikii dawa, mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, asiyesikia la mkuu huvunjika guu: zote zinamsubiri apate hasara ili tumzomee. Kumbe mara nyingi hapati hasara, au hasara inampata mwingine.

Na mtu huyu habishi. Anakusikiliza, anaitikia, anashukuru, halafu anaendelea na lake. Kijana wangu wa dukani anawaita kina Ndiyo-Lakini.

Ndiyo-Lakini wangu mkubwa ni mzee mmoja anayelima upande wa Umalila. Jina namhifadhia, bado ni mteja. Aliingia na kiroba chenye mashina ya viazi aliyoyang'oa asubuhi hiyo, udongo bado uko kwenye mizizi, majani ya kijani kabisa lakini yamelegea. Aliyezoea viazi akiona jani limenyauka kabla halijawa njano anajua hapo pana msiba.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, bibi shamba. Nipe dawa ya mdudu.”

“Mdudu yupi, baba?”

“Huyu anayekunywa maji kwenye mizizi.”

“Umemwona?”

“Akionekana si ningemkanyaga?”

Nikachukua glasi ya chai, nikaijaza maji safi. Nikakata kipande cha shina karibu na mzizi, urefu wa kidole, nikakifunga kwenye kibanio cha nguo ili kining'inie, mkato ukiwa ndani ya maji. Nikamwambia tusubiri, tusiitikise meza. Hazikupita dakika nyingi. Uzi mweupe, mwembamba, ukaanza kushuka kutoka kwenye mkato, taratibu, hadi chini ya glasi. Ukafuata mwingine. Maji ya chini yakaanza kufanya wingu.

Nikamweleza. Hao ni bakteria, kwa jina la kitaalamu Ralstonia solanacearum, wamejaa katika mishipa inayopandisha maji, wameiziba, ndiyo maana mmea unanyauka na udongo una unyevu. Hakuna dawa ya kupuliza itakayowatoa. Ng'oa mashina yenye ugonjwa pamoja na viazi vyake, yatoe shambani, usiyatupe mtaroni maji yakawapelekea wa bondeni. Hapo usipande tena viazi, wala nyanya, wala bilinganya, wala pilipili. Weka mahindi, na ng'oa kila kiazi kitakachojiotea. Mbegu tafuta safi, usichukue vile vidogo vilivyobaki baada ya kujaza lumbesa.

Mzee akavua kofia, akainama, akaitazama ile glasi kwa muda mrefu. Akamwita mjukuu wake aliyekuwa nje analinda baiskeli, naye aje aone.

“Kumbe,” akasema. “Ni maziwa kabisa.”

“Ndiyo baba.”

“Ndiyo mama, nimeona. Lakini huyo mdudu ndiye anayeyatapika haya maziwa. Sasa nipe dawa yake.”

Sikumuuzia. Akavuka barabara, akanunua kwa jirani yangu.

Mwandishi wenu angeishia hapo, vicheko. Lakini kaa uangalie mzee alivyofika alikofika. Siku za mwanzo za ugonjwa ule shina hulegea jua la mchana na kusimama tena jioni. Ukiliona likifanya hivyo kila siku, kudhani kuna kitu kinakuja kunywa maji na kuondoka si ujinga, ni kuangalia. Halafu kuna mwaka alipuliza dawa ya wadudu, na hali ya hewa ikapoa. Bakteria hao hawapendi baridi. Kwenye mashamba ya juu sana wanaweza kutulia ndani ya kiazi bila mmea kuonyesha dalili. Mimea ikasimama. Kwa macho yake dawa ilijibu. Viazi vikakomaa vizuri, akauza vingine kama mbegu kwa watu wa chini kwenye joto, na huko ndiko vilikolala chali. Hasara ikawa ya mnunuzi wa mbegu. Mzee hakuwahi kuiona, na aliyepata hasara alisema udongo wake umechoka.

Wapo na wale wanaonusa kifungashio kwanza, kwao dawa isiyonuka ni maji tu. Hao tuwaache.

Sasa twende kwa wasomi. Katika kututaja, mwandishi alipita Kimondo cha Mbozi akakisifu kwamba ni kivutio chetu, asijue kwamba amekanyaga mfano aliokuwa anautafuta. Lile pande la chuma la tani zipatazo 16, refu karibu mita tatu, limetoka angani, na leo mtoto wa shule ya msingi atakuambia hivyo bila kufikiri. Lakini huko Ulaya palikuwa na wakati ambapo aliyesema mawe huanguka kutoka juu alikuwa mkulima, na aliyemcheka alikuwa msomi.

Mwaka 1768, huko Lucé, Ufaransa, watu waliokuwa shambani walisikia mshindo, wakaona jiwe linashuka, wakalikuta limejichimbia nusu ardhini, la moto halishikiki. Kipande kikapelekwa Paris kwenye chuo cha wanasayansi. Wakateuliwa wataalamu watatu kulichunguza, mmoja wao Antoine Lavoisier. Wakalipima, wakaliyeyusha, wakaandika: hili ni jiwe la kawaida la ardhini, limepigwa na radi. Mashahidi wapo, jiwe wanalo mkononi, na bado wakasema radi. Hawakuukataa ushahidi. Waliuingiza ndani ya walichokuwa wanakiamini tayari, sawasawa na maziwa ya mdudu.

Nao hawakuwa wajinga. Walikuwa katika kazi ngumu ya kuwatoa watu kwenye hofu za uchawi na miujiza, na habari ya mawe kutoka mbinguni iliwasikikia kama hadithi zilezile. Mwaka 1794 Mjerumani Ernst Chladni akachapa kitabu akisema mawe na vyuma vya namna hiyo vinatoka nje ya dunia, akadharauliwa. Hadi tarehe 26 Aprili 1803, mawe yapatayo 3,000 yalipomwagika kwa mkupuo mmoja kuzunguka mji wa L'Aigle. Serikali ikamtuma kijana Jean-Baptiste Biot. Unajua alifanya nini? Alizunguka kijiji kwa kijiji akiwauliza wakulima waliona nini. Miaka 35 baada ya wale wa Lucé kuona.

Lavoisier mwenyewe hakuishuhudia siku hiyo. Alikatwa kichwa katika mapinduzi ya Ufaransa mwezi Mei 1794. Na huyu ndiye baba wa kemia ya leo, mtu aliyeibomoa imani nyingine nzito, kwamba kitu kikiungua kinatoa dutu iitwayo flojistoni. Aliyebaki kuitetea flojistoni hadi kaburini ni Joseph Priestley, Mwingereza, ambaye mwaka 1774 ndiye aliyeikusanya ile hewa tunayoiita oksijeni. Alikuwa ameishika, akaivuta puani, akasema hii ni hewa iliyotolewa flojistoni. Mwaka 1800, akiwa Marekani, alikuwa bado anachapisha vitabu vya kuitetea, na mwaka 1804 akafa nayo. Kwa hiyo Lavoisier kwenye moto alikuwa sumpsimus, kwenye jiwe mumpsimus, na kichwa ni kilekile. Ndiyo maana sipendi mtu anaposema kuna “watu wa aina hiyo”, kana kwamba wana kijiji chao.

Na kwa vile tumeanza na viazi, tupite Ireland. Ukungu ulipofyeka viazi mwaka 1845, profesa wa botania wa London, John Lindley, alishikilia kwamba chanzo ni hali ya hewa: mvua na baridi vimeujaza mmea maji ukaoza, na ule unga mweupe kwenye majani umekuja baadaye kula mzoga. Aliyempinga alikuwa Miles Berkeley, mchungaji wa kijijini aliyependa kuchunguza kuvu. Mwaka 1846 akaandika kwamba unga huo ndio unaoua. Mabingwa wengi hawakumkubalia. Anton de Bary alipothibitisha kwa majaribio ilikuwa 1861, na njaa ile ilikuwa imeshaua watu wapatao milioni moja. Kusema haki, hata wangemsikiliza, dawa hawakuwa nayo. Ile ya shaba na chokaa ilikuja miaka ya 1880, tena kwa ajili ya zabibu.

Masika njoo dukani kwangu utamsikia Profesa Lindley. Ukungu unaochoma viazi, mteja atakuambia, ni huu unaoshuka asubuhi kutoka Milima ya Uporoto, si unaona jina ni moja? Na siwezi kumwambia amekosa kabisa, kwa kuwa bila unyevu huo ugonjwa hauenei. Ninachomwambia ni apulize kabla ya kuona madoa, si baada. Wengi siku hizi wanapuliza mapema. Sababu yao bado ni ileile ya hewa, lakini kinga wamepata, nami hapo siwafuati nyumbani kuwasahihisha.

Mwandishi alitaka mfano wa hapa nchini? Mpango wa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta Kongwa, ioteshe karanga katika nchi ambayo Wagogo wangewaambia bure jinsi mvua yake inavyokata na udongo wake unavyokauka ukawa sakafu. Mashine zikavunjika, karanga zikagoma kuchimbika, taarifa zikaandikwa, fedha zikaongezwa. Walipokubali kuacha, mwaka 1951, zilikuwa zimeteketea pauni milioni 36. Sijaona safu ya lugha iliyowaita hao sikio la kufa.

Au kama anapenda ya mjini, aulize habari za rupia ya Mjerumani inayovuta mchele. Wanaoitafuta hawaji kwa miguu. Wanakuja na gari lenye kiyoyozi, miwani, simu mbili, wanauliza wazee kama kuna aliyeficha rupia ya zamani, maana wameambiwa ile halisi ukiisogeza kwenye sinia punje zinaikimbilia. Rupia za Mjerumani zilikuwa za madini ya fedha. Madini hayo hayana usumaku, na mchele ndiyo kabisa. Unawaeleza, wanacheka kwa adabu, wanasema ndiyo mama, lakini zile za kawaida ndizo hazivuti. Wametapeliwa hadi viwanja vimeuzwa na bado wanaitafuta “halisi”. Katika biashara hiyo mkulima wa viazi simwoni. Hana mtaji wa kutapeliwa.

Narudi kwa yule wa pili wa Mfalme Henry, mwenye kiherehere na jipya. Palikuwa na miaka ambapo wataalamu walihimiza kila zao lisimame peke yake, mahindi mbali, maharage mbali, na mama aliyechanganya aliitwa mkulima wa kizamani. Akina mama wakaitikia ndiyo, wakapanda mistari iliyonyooka upande wa barabarani, na kule nyuma wakachanganya kama kawaida. Kina Ndiyo-Lakini kabisa. Baadaye utafiti wenyewe ukarudi kusema maharage na mahindi vinafaana: udongo unafunikwa, na kimoja kikikataa kingine kinakulisha. Kule Mbinga, Wamatengo wamelima ngoro zao kwenye miteremko mikali tangu kabla ya mtaalamu yeyote kufika, vile vishimo vinavyoshika maji udongo usiporomoke, na wataalamu wamekwenda kujifunza kwao. Kwa nje, mama wa maharage na mzee wa mdudu wanafanana: wote wanaitikia, wote hawatekelezi. Neno likitungwa ovyo litawazoa wote wawili, na mmoja wao alikuwa sahihi.

Njia yangu ya kuwatofautisha ni kuuliza swali moja, nalo nililiuliza kwa mzee aliporudi kununua mbolea. Nikamwambia, baba, kitu gani kingekufanya uamini kwamba mdudu hayupo? Nilitegemea aseme hakuna. Akafikiri, akasema: tupande mbegu yako na yangu shamba moja, tusipulize dawa; yako ikisimama na yangu ikalala, mdudu hayupo, maana mdudu hachagui. Jaribio hilo halina kasoro ila moja, shamba lake lina bakteria udongoni na mbegu yangu ingelala vilevile. Tukakubaliana kutumia kipande cha mwanawe ambacho hakijawahi kuona kiazi wala nyanya, miaka yote ni mahindi. Viko ardhini sasa hivi, na sharti alilolitoa yeye nimeliandika kwenye daftari la madeni akaweka na dole gumba. Wale wa rupia nikiwauliza swali hilohilo huniangalia tu.

Basi, kama mwandishi wenu anapeleka ombi Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, au anataka wasomaji wamletee mapendekezo, mimi namwomba neno hilo limwangukie mtu asiye na jibu la swali langu, awe na shahada au jembe. Ndiyo-Lakini la kijana wangu lisiingie kwenye kamusi, tutagombana na wateja.

Mwisho naomba sahihisho lichapwe katika safu ileile. Kimondo cha Mbozi hakiko Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na Mbozi ikaenda nao. Nimemwambia kijana wangu aiandike hivyo kwa kalamu nyekundu pembeni ya makala ukutani, na wateja watatu wa Vwawa, hukohuko Mbozi, wameshasimama hapo wakaniambia ndiyo mama, Songwe, lakini sisi ni wa Mbeya.

Bibi Shamba Mstaafu,
Uyole, Mbeya